Sura ya Tano: Deni, Mshahara na Miaka ya Kusubiri

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mabishano yaleyale huanza upya katika familia nyingi za Tanzania. Mtoto amefaulu mchepuo wa masomo ya sanaa na anataka kusoma sosholojia, sayansi ya siasa au maendeleo ya jamii. Mjomba anauliza digrii hiyo itamlipa nini, na mkopo wa serikali ataurudisha kwa mshahara upi. Swali la mjomba ni halali, maana deni hulipwa kwa shilingi na halilipwi kwa mapenzi ya somo. Kasoro iko kwenye namna linavyojibiwa. Tumezoea kuweka deni upande mmoja na mshahara upande wa pili, kisha kutazama upande upi ni mzito. Hoja ya sura hii ni kwamba hesabu hiyo inaacha nje gharama kubwa kuliko zote, yaani miaka ambayo mhitimu anakaa bila mshahara wowote. Kwa utaratibu wa mikopo ulivyo Tanzania tangu 2021, deni lenyewe ni mzigo unaobebeka kwa mtu aliyepata ajira inayolingana na digrii yake. Kinachoamua kama digrii ya sayansi ya jamii imelipa au haikulipa ni urefu wa kusubiri, na baada ya hapo ni aina ya ajira ya kwanza. Ukubwa wa mkopo unakuja nyuma ya hayo mawili.

Tuanze na deni, kwa sababu ndilo linaloogopwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005, ikarithi mikopo iliyokuwa ikitolewa na wizara tangu miaka ya tisini. Sehemu kubwa ya mkopo wa mwanafunzi wa sayansi ya jamii si ada. Ni fedha ya chakula na malazi, ile ambayo vyuoni kila mtu anaiita bumu. Kiwango chake kilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 kikapandishwa kuwa 10,000. Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayelipiwa kila kitu kwa miaka mitatu. Bumu kwa wiki 34 za mwaka wa masomo ni shilingi milioni 2.38, na kwa miaka mitatu ni milioni 7.14. Vitabu na viandikwa tuweke 200,000 kwa mwaka, jumla 600,000. Ada ya kozi ya sanaa katika chuo cha umma tuikadirie milioni 1.1 kwa mwaka, jumla milioni 3.3. Posho ya mafunzo kwa vitendo tuiache. Anahitimu akiwa na deni la takriban milioni 11. Kwa mzazi anayelima mahindi hiyo ni fedha ya kutisha, lakini tazama imeundwa na nini: karibu theluthi mbili yake ni wali, maharage na kitanda, vitu ambavyo kijana huyu angevihitaji hata kama asingekanyaga chuo.

Sasa tumpe ajira. Tuseme ameingia halmashauri kama afisa maendeleo ya jamii kwa mshahara wa mfano wa shilingi 720,000. Sheria ilivyorekebishwa 2016 inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 108,000 kila mwezi. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma unachukua asilimia 5, ambayo ni 36,000. Bima ya afya inachukua asilimia 3, yaani 21,600. Kodi ya mapato, kwa viwango vinavyosamehe shilingi 270,000 za mwanzo, inafika 52,800. Mkononi anabaki na 501,600. Hati hiyo ya mshahara inafaa isomwe polepole, maana inaonyesha jambo ambalo halisemwi sana: Bodi ya Mikopo inamkata kijana huyu zaidi ya mara mbili ya kile anachokatwa na Mamlaka ya Mapato. Kwake yeye deni la chuo ndiyo kodi kubwa kuliko zote. Hata hivyo lina mwisho. Milioni 11.04 zikigawanywa kwa 108,000 ni miezi 102, miaka minane na nusu, na mshahara ukipanda muda huo unapungua. Anamaliza kulipa akiwa bado hajafika miaka arobaini, na tangu siku hiyo mkononi anapokea zaidi ya laki sita.

Haikuwa hivyo zamani kidogo, na kumbukumbu ya hali ile bado inaongoza hofu za leo. Kabla ya 2016 makato yalikuwa asilimia 8. Wakati huohuo kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka ya deni lililobaki. Weka tarakimu hizo kwenye mfano wetu. Asilimia 8 ya mshahara wa 720,000 ni 57,600 kwa mwezi, na asilimia 6 ya milioni 11 kwa mwaka ni kama 55,000 kwa mwezi. Mnufaika angekuwa analipa kila mwezi na deni lake linapungua shilingi elfu mbili na mia kadhaa tu. Waliolalamika kwamba wanalipa miaka nenda miaka rudi na deni liko palepale walikuwa wanasema hesabu iliyo sahihi kabisa. Makato yalipopandishwa kuwa asilimia 15 watumishi walipiga kelele, na walikuwa na haki ya kupiga kelele, lakini kwa mwenye deni kama hili kiwango hicho angalau kilianza kugusa mtaji: angemaliza kwa miaka kumi na miwili hivi. Kisha Mei Mosi ya 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza jijini Mwanza kuondolewa kwa tozo ile ya asilimia 6, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa nayo ikaondolewa. Tangu hapo mkopo huu hauna riba, katika nchi ambayo bei zimekuwa zikipanda kwa asilimia tatu mpaka nne na ushee kwa mwaka. Kwa lugha ya uchumi, shilingi anayorudisha mnufaika ni nyepesi kuliko ile aliyokopa, na tofauti hiyo inabebwa na Hazina. Hakuna benki ya biashara nchini ingempa kijana asiye na dhamana mkopo wa namna hiyo.

Kama deni linabebeka, kwa nini basi wahitimu wengi wa sayansi ya jamii wanaona wamepoteza? Jibu linapatikana tukiipanga hesabu kama mchumi anavyoipanga. Gharama halisi ya kusoma si mkopo, kwa kuwa mkopo ni njia tu ya kulipia. Gharama halisi ni ada na vitabu, pamoja na kipato ambacho mwanafunzi angekipata kama angekuwa kazini. Bumu haihesabiwi, kwani kula ni lazima kote kuwili. Tuseme kijana aliyeishia kidato cha sita angeweza kuingiza shilingi 300,000 kwa mwezi kwenye duka, bodaboda au kilimo cha mboga. Kwa miaka mitatu amesamehe milioni 10.8. Ongeza ada na vitabu milioni 3.9, unapata milioni 14.7. Upande wa faida, akiajiriwa kwa mshahara wetu wa mfano, kabla ya makato ya mkopo anabaki na 609,600, yaani 309,600 zaidi ya mwenzake. Gharama yote inarudi ndani ya miezi 48 hivi ya kazi. Miaka minne. Uwekezaji unaojilipa kwa miaka minne na kuendelea kuzaa kwa miaka thelathini ni uwekezaji mzuri, tena tunazungumzia sosholojia, kozi inayochekwa. Hesabu hii ina sharti moja, kwamba mshahara unaanza mara tu joho linapovuliwa.

Liondoe sharti hilo. Mhitimu akikaa nyumbani mwaka mmoja akizungusha bahasha, amesamehe milioni 3.6 nyingine, fedha inayozidi ada yote ya miaka mitatu. Akikaa miaka mitatu, gharama inafika milioni 25.5, na atahitaji karibu miaka saba ya kazi kuirudisha, maana yake ni kama miaka kumi tangu alipohitimu. Linganisha na kile tunachobishania kila siku. Chuo kikiongeza ada maradufu, muda wa kujilipa unasogea kutoka miezi 48 hadi 58. Mwaka mmoja wa kusubiri unausogeza hadi miezi 59 ya kazi, na huo mwaka wenyewe bado hujauhesabu. Wanafunzi wangegoma ada zikiongezwa maradufu, na magazeti yangeandika wiki nzima. Kusubiri kunapoongezeka kwa mwaka mmoja hakuna anayetangaza, kwa sababu hakuna ofisi iliyoamua kwamba iwe hivyo.

Nimeweka kipato cha sifuri wakati wa kusubiri, na msomaji makini atasema hiyo si kweli kwa wote. Ni kweli, si kwa wote. Wapo wanaofundisha masomo ya ziada, wanaouza nguo za mtumba, wanaopiga kazi za udalili. Anayeingiza zile 300,000 akisubiri hapotezi kitu zaidi ya kuchelewa kwa faida. Lakini kuna desturi mbili zinazomvuta mhitimu wa sayansi ya jamii karibu na sifuri. Ya kwanza ni kujitolea: mashirika na halmashauri humpokea bila mshahara au kwa nauli tu, na yeye anakubali kwa kuwa tangazo la kazi litadai uzoefu. Ya pili ni matarajio ya familia na yake mwenyewe. Aliyesomeshwa kwa michango ya ukoo anaona haya kuonekana genge la nyanya. Hii ya pili hubezwa kama uvivu, kwa maoni yangu kimakosa, kwani mtu aliyeambiwa miaka kumi na sita kwamba shule ni ya kumtoa gengeni hawezi kubadili tafsiri hiyo kwa wiki moja.

Kusubiri huko kunatoka wapi, na kwa nini kunawapata hawa kuliko wengine? Soko la ajira la sayansi ya jamii Tanzania lina waajiri wakubwa wa aina mbili, serikali na mashirika yasiyo ya kiserikali. Serikali ina halmashauri 184 Tanzania Bara, na kila moja ina idara za maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii, utumishi na mipango. Huo ndio mlango mpana, lakini hufunguka na kufungwa kwa sababu zisizohusiana na ubora wa mhitimu. Mwaka 2016 serikali ilisitisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, na Aprili 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulikuwa na hoja nzuri. Ila aliyehitimu mwaka ule alilipa gharama ambayo aliyehitimu miaka michache kabla yake, kwa kozi ileile na alama zilezile, hakuilipa. Mlango wa pili, wa mashirika, ulikuwa ukiwameza wahitimu wa sosholojia kwenye miradi ya UKIMWI, jinsia, lishe na kwenye kitengo cha ufuatiliaji na tathmini. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika la USAID likaacha rasmi kuendesha miradi. Wanaohitimu sasa wanaingia mtaani pamoja na watu wenye uzoefu wa miaka kumi wanaotafuta nafasi zilezile. Kwenye foleni hiyo hiyo wamo pia wahitimu wa Chuo cha Ustawi wa Jamii, Chuo cha Maendeleo ya Jamii Tengeru na Chuo cha Mipango Dodoma, ambao kozi zao zilitengenezwa mahususi kwa ajili ya kada hizo.

Kuna wakati katika historia ya nchi hii ambapo kusubiri hakukuwepo, na tukio moja la wakati huo linasaidia kupima deni la leo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Serikali ilitaka wahitimu wakae kambini miezi mitano, kisha wafanye kazi zao miezi 18 wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya wanafunzi 300, na katika hasira ileile akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisa hicho husimuliwa kama hadithi ya ubinafsi wa wasomi. Mimi naomba tukifanyie hesabu. Tukiacha ile miezi mitano ya kambini, kuacha asilimia 60 ya mshahara kwa miezi 18 ni sawa na kulitolea taifa mishahara ya miezi karibu 11. Mnufaika wetu wa leo, anayelipa milioni 11.04 kwa mshahara wa 720,000, analitolea mishahara ya miezi 15 na ushee. Kwa kipimo hicho kizazi cha sasa kinalipa zaidi, na kimekubali bila maandamano. Tofauti kubwa iko kwingine: yule wa 1966 alikuwa anajua kazi yake iko wapi hata kabla ya kuvaa joho, kwa sababu nchi changa ilikuwa na njaa ya wasomi. Masharti yake ya kulipa yalikuwa makali na ajira yake ilikuwa ya uhakika. Kwa mhitimu wa leo ni kinyume chake.

Wapo watakaosema tatizo ni kozi, basi kozi zenyewe zibadilishwe: kijana asome sayansi, uhandisi au udaktari. Sera imekwishaelemea huko. Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022, unawalenga waliofaulu vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi, na miongozo ya mikopo haiziweki kozi za sayansi ya jamii mbele kwenye vipaumbele. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Kwa wastani daktari analipwa vizuri kuliko afisa maendeleo. Lakini linadhani kwamba mlango wa serikali hufungwa kwa kozi moja tu. Usitishaji wa 2016 haukuchagua. Baada ya hapo Tanzania imeshuhudia madaktari na walimu wa sayansi nao wakijaza maombi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na kusubiri, huku zahanati na shule zikilia uhaba wa watu. Uhaba wa wataalamu na uhaba wa nafasi za kuwalipa ni mambo mawili tofauti, na la pili linaamuliwa na bajeti. Zaidi ya hayo, kijana aliyepata alama za historia, jiografia na Kiswahili hana njia ya kuingia kitivo cha tiba mwezi Oktoba. Chaguo lake halisi ni kati ya sosholojia, ualimu wa sanaa, stashahada ya ufundi, au kuacha. Kumlinganisha na daktari ni kumlinganisha na mtu ambaye hawezi tena kuwa.

Pingamizi la upande wa pili linatoka kwa watafiti. George Psacharopoulos na Harry Patrinos, katika mapitio yao ya 2018 yaliyokusanya tafiti za nchi nyingi, walionyesha kuwa faida binafsi ya elimu ya juu iko juu zaidi katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, zaidi ya asilimia 20 kwa kila mwaka wa masomo. Kwa takwimu hiyo mtu angeweza kusema mjadala umekwisha, kila digrii inalipa. Ila makadirio ya namna hii kwa kawaida huegemea mishahara ya watu walio kwenye ajira. Aliyehitimu na yuko nyumbani hana mshahara wa kuandikwa kwenye dodoso, kwa hiyo kusubiri kwake hakuonekani. Ni wastani wa waliovuka mto. Hata Uingereza, ambako data ni nyingi kuliko kwetu, taasisi ya utafiti wa fedha ya IFS ilikadiria mwaka 2020 kwamba mwanafunzi mmoja kati ya watano angekuwa na fedha zaidi maishani kama asingekwenda chuo kikuu. Tena walikuta tofauti kubwa kati ya somo na somo. Jina sayansi ya jamii lenyewe ni kapu pana mno: uchumi umo, na sosholojia imo, na mishahara ya hao wawili haifanani.

Kuna wanaotetea hali ilivyo kwa kusema asiye na kazi halipi, basi deni halimuumizi. Kwa Tanzania ya baada ya 2021 hilo ni karibu na kweli, na ndiyo sababu nimesema deni si mhusika mkuu. Kabla ya hapo mhitimu aliyekaa miaka mitano bila kazi angeongezewa, kwa mfano wetu, zaidi ya milioni 3.3 za tozo na milioni 1.1 za adhabu, hata kama hakuwa na shilingi mfukoni. Majirani zetu bado wako hapo. Bodi ya HELB ya Kenya hutoza riba ya asilimia 4, na sheria yake inaruhusu faini ya shilingi 5,000 za Kenya kwa kila mwezi ambao mkopaji hajalipa. Mwenye mkopo wa laki mbili za Kenya akikaa miaka mitatu bila kulipa anaweza kudaiwa laki moja na themanini za faini peke yake. Mfumo wa aina hiyo unageuza kusubiri kuwa deni, unamwadhibu mtu kwa kosa la kutoajiriwa, halafu kila baada ya muda bodi hulazimika kutangaza msamaha wa faini ili watu wajitokeze. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Walidhani mdaiwa ana cha kulipia.

Mahali ambapo deni la Tanzania linauma kweli ni pengine kabisa, na halisemwi vya kutosha. Ni pale mhitimu aliyechoka kusubiri anapokubali kazi ya mshahara mdogo kwenye kampuni binafsi. Asilimia 15 inakatwa tangu shilingi ya kwanza, bila kujali mshahara ni mkubwa au mdogo. Tuseme amepata 400,000. Mfuko wa NSSF unachukua asilimia 10, kodi ni 7,200, Bodi inachukua 60,000. Anabaki na 292,800, chini ya yule mwenzake aliyeishia kidato cha sita tuliyempa 300,000, na kwa mwendo huo atakatwa miezi 184, zaidi ya miaka 15. Hapo ndipo mtu anapomwomba mwajiri asimwandikishe, amlipe mkononi, na Bodi inampoteza mnufaika ambaye alikuwa tayari kuanza kulipa. Uingereza, kwa wanaoanza masomo tangu Agosti 2023, hawakati chochote mpaka kipato kizidi pauni 25,000 kwa mwaka, kisha wanakata asilimia 9 ya kinachozidi, na kinachobaki baada ya miaka 40 kinafutwa. Sisemi tuige. Hazina yao na yetu si moja, na tukisamehe kwa mkopo zile 270,000 zinazosamehewa kodi, mtu wa laki nne angelipa 19,500 kwa mwezi na asingemaliza kabla ya kustaafu. Lakini kati ya 19,500 na 60,000 kuna nafasi. Kiwango kinachopanda, kidogo kwa mishahara ya chini na asilimia 15 kwa ya juu, kingemwacha mwenye laki nne na faida kidogo ya kusoma, na kumwacha kwenye daftari. Fedha ya kurudishwa ingechelewa. Kwa Bodi ambayo bajeti yake ilikua kutoka shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi bilioni 787 mwaka 2024/25 kuchelewa huko ni gharama halisi, lakini anayekwepa kabisa ana gharama kubwa zaidi.

Lililobaki ni taarifa. Kijana wa kidato cha sita akifungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu anakuta jina la kozi, sifa za kuingilia, miaka ya masomo na idadi ya nafasi. Hakuti waliohitimu kozi hiyo walikaa miezi mingapi kabla ya kuajiriwa, wala walianza na mshahara gani. Taarifa hiyo haihitaji utafiti wa gharama. Sheria inamtaka mwajiri aijulishe Bodi ya Mikopo ndani ya siku 28 anapomwajiri mhitimu, na makato ya asilimia 15 yanafichua mshahara wa msingi wa kila mnufaika kwa kuzidisha tu. Bodi inajua kila mmoja alisoma nini, wapi, na alimaliza lini. Tarehe ya makato ya kwanza ukiitoa tarehe ya kuhitimu, umepata urefu wa kusubiri, kozi kwa kozi, chuo kwa chuo, bila kumtaja mtu. Wahadhiri wa sayansi ya jamii huenda wakaogopa kwamba jedwali kama hilo litaua idara zao. Nadhani litafanya jambo jingine. Litaonyesha, kwa mfano, kama waliochanganya sosholojia na takwimu wanasubiri nusu ya muda wa wengine, au kama wahitimu wa Tengeru wanawatangulia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye nafasi za halmashauri, na idara itakayoliona mapema itajua somo gani liongezwe kwenye mtaala kabla ya kundi lijalo kusajiliwa.